Mwenye kiti cha mwisho hajala karata ya mtu

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena lawama ile ile: kwamba wa kiti cha mwisho amekula karata ya mgawaji. Ni meza ya blackjack, mchezo wa kumshinda mgawaji kwa kukaribia 21 bila kuipita, katika kasino moja ya Westlands, saa sita na nusu usiku. Mgawaji ameonyesha 3. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mwisho, kinachocheza kabla tu ya mgawaji, ana 12, akagonga kitambaa kwa kidole, akapewa mfalme. Ishirini na mbili, chipu zikaenda. Mgawaji akajivutia 10, akawa na 13, kisha 8. Ishirini na moja. Meza nzima ikamgeukia yule mama kana kwamba amemwaga sufuria ya pilau ya harusi.

"Mama, hiyo karata ilikuwa ya dila! Ungesimama angepita!"

Nimegawa karata miaka kumi na moja hapa Nairobi, siku hizi nafundisha wagawaji wapya, na hakuna lawama iliyonichosha masikio kama hii. Ni kweli, usiku ule angesimama, yaani asichukue karata, mfalme angemwendea mgawaji, halafu 10 ingempitisha hadi 23. Hesabu hiyo siikatai. Ninachokataa ni mtu kuipiga karata zikiwa zimeshafunuliwa, halafu amdai mwenzake kwa nini hakuijua mapema.

Wanafunzi wangu mimi huwafanyia hivi. Chukua karata mbili, moja 10 na nyingine 5, zichanganye, uzilaze kifudifudi. Mgawaji ana 16. Kiti cha mwisho kikisimama, mgawaji anapata karata ya juu: nusu ya mara ni 10 anapita, nusu ni 5 anafika 21. Kiti cha mwisho kikichukua ya juu, mgawaji anapata ya chini: nusu 10, nusu 5. Kuna kilichobadilika? Hakuna. Karata usiyoijua ikiwa juu au ikiwa ya pili, kwako ni ile ile. Ongeza karata hadi zijae sanduku zima la pakiti sita, jibu halibadiliki.

Sasa sikia la usiku ule ule, ambalo hakuna aliyelipigia kelele. Nusu saa baadaye kijana mmoja alikaa kiti hicho hicho, akawa na 12, mgawaji tena 3. Akachukua, ikaja 8, akawa na 20. Mgawaji akavuta 10, kisha 9, akapita kwa 22. Kijana angesimama, ile 8 ingempa mgawaji 11 na 10 ingemfikisha 21, meza nzima ikafyekwa. Aliyesema "asante ndugu yangu" ni nani? Hata mmoja. Watu hukumbuka karata iliyowaumiza. Iliyowaokoa huichukulia kuwa haki yao.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba yule mama alicheza sawasawa. Jedwali la mkakati wa msingi, linaloonyesha uamuzi bora kwa kila mkono, linasema ukiwa na 12 na mgawaji ana 2 au 3, chukua; akiwa na 4, 5 au 6, simama. Katika aina kumi na tatu za karata, ni nne tu, yaani 10 na picha tatu zenye thamani ya kumi, zinazoweza kumpitisha mwenye 12. Bwana aliyemfokea kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa, mkono mmoja tu kabla ya hapo, amesimama na 16 mbele ya 7 ya mgawaji. Mgawaji mwenye 7 hupita 21 kama mara moja tu katika nne. Kosa hilo nalo lilikuwa lake peke yake, halikumgusa mtu mwingine, na ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Kuhesabu karata nako kuna hadithi zake. Wengi wanadhani ni kukariri karata zote 312 kama aya za madrasa. Sivyo. Njia inayotumika sana ni hii: karata za 2 hadi 6 zikitoka unaongeza moja, 7 hadi 9 unaacha, 10, picha na A unatoa moja. Kisha jumla unaigawa kwa pakiti zilizobaki sandukuni. Una +6 na zimebaki pakiti tatu? Hiyo ni +2, maana karata kubwa, zinazomfaa mchezaji, zimebaki kwa wingi. Mwanahisabati Edward Thorp alichapisha hesabu za kazi hii Marekani mwaka 1962, na hesabu zenyewe ni za kweli kabisa.

Lakini angalia zinalipa nini. Kwenye meza yenye masharti mazuri, ukicheza mkakati wa msingi bila kukosea, kasino inakuzidi kwa takriban nusu ya asilimia. Kila +1 inakurudishia karibu nusu hiyo ya asilimia. Kwa hiyo kwenye +2 wewe ndiye unayeizidi kasino, kwa nusu ya asilimia: ukiweka shilingi 1,000, faida yako ya wastani ni shilingi 5. Nauli ya matatu haitoshi. Na hapo ujue hukukosea hata karata moja, mhudumu hakukukatiza na kinywaji, na mtandaoni huko unakocheza kwa simu usijisumbue kabisa, kwa sababu programu huchanganya karata upya kila mkono. Meza zenye mashine ya kuchanganya mfululizo ni vivyo hivyo: karata zikishatumika hurudishwa ndani, huna cha kuhesabu. Nimeona vijana wameikodolea macho mashine hiyo huku midomo inacheza. Nawaonea huruma.

Bima ni dau la pembeni kwamba mgawaji atapata blackjack, yaani A na karata ya thamani ya kumi. Mgawaji akionyesha A, usinunue, hata ukiwa na 20, hata ukiwa na blackjack. Bima hulipa mara mbili, kwa hiyo ni lazima ifaulu mara moja katika tatu ndipo urudishe chako. Katika pakiti sita kuna karata 96 za thamani ya kumi kati ya 312, nazo hazifiki theluthi. Kila shilingi 100 ya bima unaacha kama 7.

Kuongeza dau maradufu kila ukipoteza mpaka ushinde: anza na 500, poteza mara sita mfululizo, umeshatoa 31,500 na sasa unatakiwa kuweka 32,000 ili uwe mbele kwa 500. Ndiyo maana meza ina kiwango cha juu cha dau.

Kuiga mgawaji, yaani kuchukua hadi 17 basi, kwa kuwa "yeye hushinda"? Yeye hushinda kwa kuwa wewe hupita kwanza. Mkipita wote wawili, chako kimeshachukuliwa.

Ushauri wangu ninaoupenda kuliko mwingine wote hauhitaji hesabu. Kabla ya kuvuta kiti, soma maandishi kwenye kitambaa. Yakisema blackjack hulipa 3 kwa 2, shilingi 1,000 yako italeta 1,500. Yakisema 6 kwa 5, italeta 1,200, na hapo kasino imejiongezea zaidi ya asilimia moja hata kabla hujapewa karata. Usikae. Ukipata meza ya 3 kwa 2, weka jedwali lako la mkakati hadharani, mgawaji hana shida nalo, na kama kiti kilichobaki ni cha mwisho, kikalie tu. Wakikufokea, waulize karata inayofuata ni ipi.