Uzoefu wako kazini: lini uuamini, lini uukague

Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 110. Daftari linaizidi kalamu kwa shilingi 100. Kalamu ni pesa ngapi? Wengi hujibu 10, hata waliosoma sana. Jibu ni 5. Swali hili limefuata mfano wa jaribio fupi alilochapisha mtafiti Shane Frederick wa Marekani mwaka 2005, la kupima kama mtu hulikagua jibu la kwanza linalomjia.

Wapo wanaoamua papo hapo na wapo wanaopima hatua kwa hatua. Huo ni mwelekeo tu, tena hubadilika kwa uchovu na kwa urefu wa foleni, kwa hivyo mwajiri asimpangie mtu kazi kwa sababu hiyo pekee. La muhimu zaidi walikubaliana wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein mwaka 2009, ingawa walikuwa wakitofautiana: hisia ya mtaalamu huaminika pale kazi inapokuwa na mpangilio unaojirudia, naye akapata nafasi ya kujua upesi kama alipatia au alikosea.

Chukua zahanati ya Kisumu. Mtoto ana homa, na kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, basi malaria ndiyo hufikiriwa kwanza. Kipimo cha haraka kikionyesha mistari miwili, yaani malaria ipo, uchunguzi huishia hapo. Lakini vipimo vingi husaka HRP2, protini ya vimelea vya malaria, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ilhali anaugua nimonia. Akipelekwa kwingine, mhudumu wa kwanza hapati habari. Miaka inampa ujasiri, haimpi usahihi.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika ugonjwa, uliza dawa ya malaria ilimezwa lini. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha: kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Angalia kama shingo imekakamaa. Kisha andika ugonjwa mwingine mmoja unaoweza kuleta dalili hizo, na umpigie mzazi simu baada ya siku 3.

Afisa wa mikopo ana shida kubwa zaidi, kwa maana matokeo yake huja baada ya miezi, na wale aliowanyima hatajua kamwe kama wangelipa. Aandike sababu zake siku ile ile ya uamuzi, azisome tena mkopo ukiisha.