Busha si tego

Hapa Mikindani, mwanaume akianza tu kuvaa kanzu pana siku za kazi kuficha busha, barazani kesi inaisha kabla ya magharibi: katembea na mke wa mtu, kanasa tego. Wenye huruma kidogo husema alizidisha madafu. Mimi ni mtu wa maabara. Tego sijawahi kulikuta kwenye slaidi.

Ninachokuta ni watoto wa minyoo. Wakubwa, wembamba kama uzi, huletwa na mbu wakiwa bado wachanga, wakakulia kwenye mishipa ya limfu, ile ya majimaji ya mwili, wakakaa humo miaka 6 hadi 8. Vitoto vyao hutokeza kwenye damu usiku, ndiyo maana tunapima kuanzia saa 4 usiku, na watu hutucheka kwamba nasi tunaagua.

Usiku mmoja (ya kuwatambulisha nimeyaacha) alikuja mzee mvuvi, busha limemlemea hata kukaa anakaa upande, mkewe kesharudi kwao. Nyuma yake kwenye foleni jirani yake, kijana mkakamavu, ananong'ona kwa sauti ya kusikika: "Mwenyewe anajua alikopita." Nikawatoboa vidole wote wawili. Slaidi ya mzee, kimya. Ya kijana, vijinyoo vinajinyonganyonga, vinapiga kumbo chembe za damu huku na huku.

Mwenye busha mara nyingi damu yake haina kitu. Minyoo walishamharibia mishipa zamani, huenda wamekufa. Anayewabeba ni huyu asiyeumwa hata kichwa. Mbu akimng'ata yeye, ndipo anapopata cha kumpelekea mwenzake.

Hukumu ya baraza inatugharimu zaidi siku za kingatiba, tunapowagawia dawa hata wasioumwa. Mtu keshapimwa urefu kwa fimbo, keshahesabiwa vidonge, anavirudisha mkononi mwangu: "Dada, mimi na mke wangu tumetulia. Nimeze ya nini?"

Mzee nilimwelekeza kwa daktari, maana si kila uvimbe wa huko ni busha, ngiri nayo hujificha humo. Likawa busha kweli, akapasuliwa.

Kijana nilimwita chumbani peke yake, nikamweleza. Akatazama sakafu muda mrefu.

"Mzee ataambiwa?"

"Majibu ni yako, mdogo wangu. Hapa hayatoki."

Akameza dawa mbele yangu, akauliza kama kuna mlango wa nyuma.