Kwa nini mtu hung'olewa jino akiwa macho, kisha asikumbuke lolote?

"Wameshaanza?" mdogo wangu aliniuliza tukiwa ndani ya bajaji, shavu limevimba, pamba bado kaing'ata. Magego yake mawili ya mwisho ya upande wa kulia yalikuwa kwenye kikopo ndani ya mkoba, yameshaoshwa damu.

Nilikuwa nimeruhusiwa kukaa pembeni ya kiti muda wote. Nilimsikia akiitika. "Dada, fungua mdomo zaidi," daktari akamwambia, akafungua. "Geukia upande wangu," akageuka. Katikati ya shughuli akasema ana kiu, nesi akamlowesha midomo kwa pamba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililobaki kichwani mwake. Anakumbuka kuchomwa sindano mkononi, anakumbuka picha ya meno ukutani, halafu bajaji ikipiga honi. Hapo kati ni patupu.

Hakulala usingizi. Mtu aliyelala haulizi maji. Sasa alikuwa wapi?

Wengi wetu tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni ganzi, ile sindano ya kwenye fizi inayofanya mdomo uwe mzito na chai ikuchuruzike kidevuni ukirudi nyumbani. Ya pili ni nusu kaputi, neno ambalo "kaputi" yake tuliirithi kwa Wajerumani: unapelekwa chumba cha upasuaji, unazima kabisa, na kuna mtaalamu wa usingizi anayekusimamia pumzi mpaka uzinduke. Kati ya hizo mbili kuna njia ya tatu ambayo huku kwetu haizungumzwi sana, nayo ni dawa ya kutuliza. Mgonjwa yuko macho au anasinzia kidogo, anapumua mwenyewe, anaitika akiitwa, lakini hofu imeshuka. Kuna ya kuvuta puani, kuna kidonge, na kuna ya kupitia mshipani kama aliyopewa mdogo wangu.

Kabla sijaeleza jinsi zinavyofanya kazi, niseme hofu yenyewe inatoka wapi, kwa sababu watu wenye hofu ya kiti cha daktari wa meno wamechekwa vya kutosha. Nilipokuwa darasa la tatu niling'olewa gego lililotunga usaha. Nilichomwa ganzi, lakini haikushika. Nikapiga kelele, wakubwa wawili wakanishika mabega na miguu, jino likatoka, nikaambiwa nimedeka. Kwa miaka mingi niliamini kweli nilideka. Sikudeka, na sababu inaelezeka.

Ganzi inayotumika sana kwenye meno ni lignokeni, iliyotengenezwa na Mswidi Nils Löfgren mwaka 1943. Kazi yake ni kuziba vijilango vinavyopitisha chembe za sodiamu kwenye mshipa wa fahamu. Vijilango hivyo visipofunguka, habari ya maumivu haisafiri kwenda kwenye ubongo. Lakini dawa huviziba kutokea ndani ya mshipa, kwa hiyo lazima kwanza ipenye utando wake wa mafuta, na sehemu yake inayoweza kupenya ni ile isiyo na chaji ya umeme tu. Mahali penye jipu na usaha pana asidi nyingi kuliko nyama yenye afya. Asidi ile hugeuza sehemu kubwa ya lignokeni kuwa ya aina yenye chaji, ikabaki nje ya mshipa kama mgeni aliyefika na kukuta geti limefungwa. Daktari anayelijua hilo atachoma mbali na jipu, kule mshipa mkuu wa taya unakopita, au atautoa usaha kwanza, na atasubiri.

Ndivyo mduara unavyozunguka. Mtu anaogopa, anasogeza siku, anasukutua maji ya chumvi, anameza vidonge vya maumivu, jino linaoza mpaka kwenye mzizi, usaha unatunga. Siku anayokwenda ndiyo siku ambayo ganzi inashika kwa shida kuliko siku zote. Anarudi nyumbani na kumbukumbu mbaya, na safari ijayo atachelewa zaidi. Kuna mpaka harufu inayoiamsha kumbukumbu hiyo. Ile harufu ya kliniki ya meno, kwa sehemu kubwa, ni ya karafuu: mafuta yake, yujenoli, huchanganywa na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Zao lililowalisha watu wa Pemba kwa vizazi, kwa mtu mwenye hofu linatosha kumtoa jasho akiwa bado mlangoni.

Dawa ya kutuliza kazi yake ni kuukata mduara huo.

Ya zamani kuliko zote ni gesi ya kucheka, naitrasi oksaidi. Jioni ya tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, Gardner Colton alikuwa akiwaonyesha watu maajabu ya gesi hiyo kwa kiingilio. Walioivuta waliruka na kucheka. Mmoja wao, Samuel Cooley, alijigonga mguu mpaka ukatoka damu, akarudi kukaa bila kujua kwamba ameumia. Kati ya watazamaji alikuwemo daktari wa meno, Horace Wells, na yeye hakuuangalia uso wa Cooley uliokuwa ukicheka, aliuangalia mguu. Kesho yake akamwomba Colton ampe gesi ile, na mwenzake John Riggs akamng'oa Wells jino lake mwenyewe. Hakusikia maumivu ya maana.

Mwezi uliofuata, Januari 1845, alikwenda Boston kuonyesha mbele ya wanafunzi wa udaktari. Gesi haikutosha, mgonjwa akalia jino lilipovutwa, ukumbi ukamzomea Wells kuwa ni tapeli. Jambo lile lilimvunja. Alifariki New York Januari 1848 akiwa na miaka 33 tu, na mwaka 1864 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikamtambua kuwa ndiye aliyegundua njia hii ya kuzuia maumivu ya upasuaji. Nikisoma habari zake huwa nasimama hapo. Gesi yake ilikuwa ya kweli, ila peke yake haina nguvu ya kuua maumivu yote, na kipimo chake wakati ule kilikuwa cha kubahatisha.

Siku hizi haibahatishwi. Mgonjwa anavaa kinyago kidogo cha puani, mdomo unabaki huru kwa ajili ya kazi. Mashine inachanganya gesi na oksijeni, kwa kawaida gesi ikiwa asilimia 30 mpaka 50, na imetengenezwa isikubali oksijeni kushuka chini ya asilimia 30. Hewa tunayovuta barabarani ina asilimia 21. Gesi hii haipendi kukaa kwenye damu, ndiyo maana huingia haraka na kutoka haraka: dakika chache vidole vinachonyota, mwili unakuwa mwepesi, sauti ya mashine ya kusaga jino inasikika kama iko chumba cha pili. Kazi ikiisha daktari anafunga gesi na kumwachia oksijeni tupu kwa kama dakika tano, na gesi inatoka kwa pumzi karibu yote kama ilivyoingia. Kwa watoto mimi naiona ndiyo bora, lakini sharti pua iwe wazi. Mwenye mafua makali haimfai siku hiyo. Mjamzito wa miezi ya mwanzo na mwenye upungufu wa vitamini B12 nao huepushwa nayo.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Yeye alipewa midazolamu, ndugu ya daizepamu tuliyoizoea kwa jina. Ukoo huu wa dawa uligunduliwa na mkemia Leo Sternbach katika miaka ya 1950, na daizepamu ikaingia madukani mwaka 1963.

Ubongo una breki yake yenyewe, kemikali iitwayo GABA. Ikishika kwenye seli ya fahamu, mlango hufunguka, chembe za kloraidi zinaingia, seli inapoa na kuwa nzito kushtuka. Midazolamu haifungui mlango huo. Inachofanya ni kuifanya GABA iliyopo ishike kwa nguvu zaidi. Hofu inapungua, misuli inalegea. Na katika sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambako mambo ya leo huandikwa ili yakumbukwe kesho, uandishi unasimama. Masikio yanasikia, kichwa kinaelewa, mkono unatii, lakini karani wa kumbukumbu amekaa na kalamu isiyo na wino. Ndiyo maana mdogo wangu aliitika "ndiyo, dokta" na lile neno halikuandikwa popote. Ya zamani hayafutiki. Yanayopotea ni yale yaliyotokea baada ya dawa kuingia.

Nilimwona daktari akiitoa kwenye bomba la sindano kidogo kidogo. Anasukuma kidogo, anamtazama usoni, anamsemesha, anasubiri kama dakika, anasukuma tena. Kope zilipoanza kushuka na maneno kuvutika, akaacha. Kidole cha shahada cha mgonjwa kilikuwa kimebanwa na kile kifaa ambacho wengi tulikifahamu wakati wa Korona, kinachopima oksijeni ya damu, na nesi alikuwa hana kazi nyingine ila kukitazama hicho na kifua chake. Midazolamu ikizidi, au ikikutana na pombe au dawa kali za maumivu, hupunguza pumzi. Kwa hiyo kliniki inayotoa huduma hii lazima iwe na oksijeni karibu, pamoja na dawa ya kuibatilisha midazolamu, flumazenili. Mgonjwa naye aseme kila anachomeza. Dawa za ARV zenye ritonaviri, antibayotiki ya erithromaisini, na kwa anayeimeza mpaka juisi ya balungi, huweza kuifanya dawa hii izidi mwilini kuliko ilivyokusudiwa.

Kidonge ni cha ukoo huo huo, humezwa kama saa moja kabla. Ni rahisi, lakini daktari hawezi kukiongeza wala kukipunguza kikishafika tumboni, na tumbo la kila mtu lina mwendo wake. Mtu asijimezeshe kidonge cha jirani kabla ya kwenda kung'oa jino. Hilo nalisema kwa uzito, maana nimeliona likifanyika.

Lipo jambo moja ambalo daktari yule alilirudia mara mbili, nami naona ndilo la kushika kuliko yote. Midazolamu haiondoi maumivu. Hata kidogo. Mdogo wangu alichomwa ganzi kama mtu mwingine yeyote, fizi zote mbili, juu na chini, na daktari alizigusa kwa ncha ya chombo kuhakikisha zimeshika kabla hajachukua koleo. Kusahau maumivu na kutoumia ni vitu viwili tofauti. Mtu aliyetulizwa bila ganzi kushika ataumia pale pale, atakunja uso, kisha atasahau, na hakuna mganga mwenye heshima anayeweza kuliita hilo tiba.

Kuna na moyo kwenda mbio. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ibane na dawa isiondoke mapema. Wengine wakichomwa, moyo hudunda kwa dakika moja au mbili, wakaamua kwamba wana aleji ya ganzi na hawarudi tena. Aleji ya lignokeni ni nadra sana. Wangeambiwa mapema, "mama, moyo utadunda kidogo halafu utatulia," wasingeshtuka. Hata ishara ya kuinua mkono wa kushoto ili daktari asimame, ambayo haigharimu hata shilingi, hupunguza hofu kuliko tunavyodhani, kwa sababu mgonjwa anajua kazi inaweza kusimama akitaka.

Kwenye kliniki nyingi za serikali utakuta ganzi peke yake. Gesi na midazolamu hupatikana zaidi kwenye kliniki binafsi za mijini na hospitali kubwa, na bei huongezeka. Ukiihitaji, sema siku ya kuweka miadi, usingoje mpaka umelala kwenye kiti. Utaulizwa uzito, presha, kama unakoroma sana usiku, kama una mimba. Kwa dawa ya mshipani huwa unaambiwa usile chakula kizito saa sita kabla, na uje na mtu mzima wa kukurudisha. Kwa saa 24 usiendeshe chombo, usikae jikoni na mafuta ya moto, usisaini mkataba, usitume pesa kwa simu. Mdogo wangu jioni ile alinisimulia habari moja mara tatu, kila mara kama mpya.

Miezi miwili baadaye tulirudi kwa ajili ya magego ya kushoto. Daktari akamuuliza kama aandae midazolamu tena. Akafikiri, akasema safari hii achomwe ganzi tu, ila akiinua mkono wasimame. Aliinua mara mbili. Kwenye bajaji nilimuuliza anakumbuka nini. Anakumbuka sauti ya mfupa ukilia kama ubao, jasho la mikono yake mwenyewe, na ile harufu ya karafuu.