Kanga Mbili Zikishonwa Vibaya: Maswali na Majibu Kuhusu Jeni Zilizounganika Katika Saratani ya Damu

Lukemia kali ya mieloidi ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Chembe changa ambazo zingekomaa kuwa chembe nyeupe hukwama utotoni, zikawa zinazaliana tu hadi uboho ukajaa. Mgonjwa huishiwa damu na kuchoka, hupata homa za mara kwa mara, na damu humtoka ovyo kwa kuwa chembe sahani zinazoigandisha zimepungua. Ugonjwa huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya majuma machache.

Jeni zinaunganikaje?

Chukua kanga mbili, kila moja na jina lake. Zote zimechanika katikati ya maandishi, na fundi mwenye haraka kashona nusu ya hii na nusu ya ile. Sasa una kanga yenye jina ambalo hakuna aliyelitunga. Ndivyo inavyotokea kromosomu mbili, yaani nyuzi ndani ya chembe zinazobeba jeni (maagizo ya urithi), zinapokatika na kubadilishana vipande: jeni mbili zilizokuwa mbalimbali zinakuwa moja, na chembe inasoma sentensi hiyo ngeni na kutengeneza protini isiyokuwepo mwilini kabla. Si kila mgonjwa wa lukemia hii ana jeni zilizoungana hivyo. Lakini mwenye nayo anapaswa kujulikana mapema, maana matibabu yake yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Tofauti kiasi gani?

Tazama aina iitwayo lukemia ya promielositi. Hapa jeni ya PML kutoka kromosomu 15 imeungana na jeni ya RARA ya kromosomu 17. Mabadilishano hayo ya kromosomu yalitambuliwa mwaka 1977 na Dkt. Janet Rowley na wenzake huko Chicago. Kazi ya RARA ni kupokea ishara inayotokana na vitamini A na kuiambia chembe ikomae. Ikishaungana na PML, inageuka kufuli: chembe haikui tena.

Nchini China, Dkt. Wang Zhenyi na wenzake wa Shanghai walijaribu tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, ambayo kwa dozi kubwa hufungua kufuli hilo. Mwaka 1988 walichapisha matokeo ya wagonjwa 24, na wote 24 ugonjwa ulitulia. Chembe za saratani zilikuwa zimekomaa, zikafa kifo cha kawaida. Kila nikiyasoma maelezo hayo nasisimka. Madaktari wa Harbin, mji mwingine wa China, nao walikuwa wametangulia na aseniki, sumu tunayoijua sote, ambayo kwa kipimo sahihi hushika upande wa PML na kuivunja ile protini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa, dawa hizo mbili bila kemo (dawa kali za kuua chembe za saratani) ziliwaweka asilimia 97 salama bila ugonjwa kurudi wala kifo baada ya miaka miwili. Waliopewa tretinoini na kemo walikuwa asilimia 86.

Basi ninunue vidonge vya vitamini A?

Hapana, tafadhali. Vitamini A ya dukani haitibu ugonjwa huu, na ikizidi hudhuru ini. Tretinoini yenyewe hudhuru mimba, na dawa hiyo pamoja na aseniki zinaweza kuleta homa, kubanwa pumzi na kuongezeka uzito ghafla. Mgonjwa akiona hayo amwambie daktari saa hiyohiyo.

Nitajuaje kwamba ni hatari?

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Lukemia hii ya promielositi huua mapema kwa kutoka damu, hata kwenye ubongo. Mswaki wenye damu kila asubuhi, alama za bluu mapajani bila kugonga popote, vidoti vyekundu miguuni, hedhi isiyokatika: nenda ukapimwe picha kamili ya damu leo. Chini ya hadubini, mtaalamu anaweza kuona ndani ya chembe vijiti vilivyolundikana kama mtita wa kuni. Akivishuku, daktari hapaswi kungoja majibu ya jeni. Tretinoini inaanzwa kwanza, kisha sampuli ya uboho kutoka mfupa wa nyonga ithibitishe.

Je, watoto wangu watarithi?

La. Jeni hizi huungana ndani ya chembe ya uboho wa mtu huyo mmoja, na hazipitishwi kwa watoto. Hukukosea chochote.

Kuna miungano mingine?

Ipo mingi. Kromosomu 8 na 21 zikibadilishana, au kipande cha kromosomu 16 kikipinduka, kemo kwa kawaida hufanya kazi vizuri. Jeni ya KMT2A ya kromosomu 11 ikiungana na nyingine, mapambano ni magumu zaidi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya revumenibu kwa wagonjwa wa namna hiyo ambao ugonjwa umerudi au umekataa dawa.

Nikipona, muungano huo unasaidia nini?

Unakuwa alama ya kumtafuta adui. Hadubini inaweza kuonyesha uboho safi, ilhali kipimo cha PCR, kinachosaka maandishi ya jeni, kikainasa chembe moja yenye sentensi ile ngeni kati ya maelfu. Kwa hiyo muulize daktari wako jina la muungano ulioonekana siku ya kwanza, uliandike, na ulibebe kila uendapo kliniki.