Siri ya ugonjwa imevuja kazini: fidia utaidai kwa ushahidi gani?

Wengi wanaoniletea malalamiko ya aina hii huwa wameshamaliza nusu ya kazi kabla hawajakaa kitini. Simu iko mkononi na ujumbe upo: afisa wa wafanyakazi ameipiga picha barua ya daktari na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la idara, eti kueleza kwa nini zamu zimebadilishwa. Idara nzima sasa inajua kuwa mwenzao anatibiwa sonona. Kuhusu kosa lenyewe, sina haja ya kuhangaika sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na kifungu cha 46 kinaiweka mikononi mwa mhudumu wa afya au mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kundi la zamu halimo.

Kisha nauliza: "Na imekuumiza vipi?"

"Wakili, si nimekuonyesha ujumbe?"

Ujumbe unathibitisha kosa. Fidia iko kifungu cha 65, na anayeidai ni yule aliyepata madhara kwa sababu ya kosa hilo. Kifungu chenyewe ni kikarimu kuliko watu wanavyodhani, kwani madhara si fedha tu. Dhiki ya moyo imetajwa waziwazi. Lakini dhiki nayo hudaiwa kwa ushahidi, na hapo ndipo kesi nyingi nzuri hukonda.

Kesi za afya zina mtego wake. Mteja wangu wa sonona alikuwa na dhiki tangu kabla ya ujumbe. Ndiyo iliyompeleka kwa daktari. Wakili wa mwajiri atauliza hilo swali la kwanza, na ana haki ya kuliuliza. Kwa hiyo barua ya daktari inayosema "mgonjwa ana sonona" hainisaidii kitu, pengine hata inamsaidia mwenzangu wa upande wa pili. Ninayoitaka ni ile inayoeleza hali ilivyokuwa miezi kadhaa kabla ya tarehe ya ujumbe, na ilivyokuwa baada yake: dozi ilipandishwa lini, usingizi ulipotea lini, vikao vya ushauri viliongezeka kutoka vingapi hadi vingapi. Risiti za vikao hivyo pia nazitaka. Pembeni yake naweka hati za mshahara, maana saa za ziada zikikatika mwezi uleule siri ilipotoka, karatasi inasema yenyewe. Mwenzako mmoja aliye tayari kuapa kwamba alisikia mzaha jikoni ana thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko yako mwenyewe.

Kejeli ni kwamba ili uthibitishe umevuliwa nguo, inabidi uvue nyingine. Huhitaji kulitoa faili zima la hospitali. Mwombe daktari barua inayogusa jambo hilo tu, na uombe jina lako liandikwe kwa herufi za mwanzo.

Ulaya nao wamepita njia hii. Mjerumani mmoja aliyefanya kazi katika taasisi inayowapima wagonjwa kwa ajili ya bima aligundua kuwa mwajiri wake huyohuyo ndiye aliyeandaa ripoti ya afya yake. Alidai euro 20,000. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema fidia ni ya kuziba madhara yaliyotokea, haipo kwa ajili ya kumwadhibu mwajiri. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Nairobi, ila mantiki yake utakutana nayo.

Adhabu ina mlango wake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wateja hunitajia kiasi hicho macho yakiwaka. Hiyo ni faini, na faini haiingii mfukoni mwa mlalamikaji.

Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Ikiwa siri ni ya virusi vya UKIMWI, kuna baraza maalumu chini ya sheria ya mwaka 2006. Ukiwa umefukuzwa kazi, tutazungumzia Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Jambo la mwisho, nalo huniuma kila mara: watu hujitoa kwenye kundi kwa hasira dakika ileile. Usitoke kwanza. Piga picha ya ujumbe ukionyesha tarehe na saa, kisha ya orodha ya waliomo, maana idadi ya walioisoma siri ni sehemu ya madhara. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Nitahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, yaani hati inayoeleza jinsi ushahidi huo wa kielektroniki ulivyopatikana, kabla picha hizo hazijapokewa mahakamani.