Mavazi meupe ya mafundi humlinda nani?

Wengi huamini kwamba mafundi wanaoandaa chombo cha kwenda Mirihi hujifunika gubigubi kwa mavazi meupe ili wasidhuriwe na mionzi au kemikali. Kwa kawaida kinacholindwa ni chombo chenyewe. Ngozi, nywele na pumzi zetu hubeba vijidudu, na chombo cha kutua Mirihi huwekewa kikomo cha spora 300,000 za bakteria (yaani bakteria waliojigeuza chembe sugu) kwenye nyuso zake, tusije tukatangaza kugundua uhai kumbe tumeupeleka wenyewe.

Tazama picha za mafundi hao kwa makini: barakoa nyepesi, mara nyingi macho wazi, hakuna mtungi wa hewa. Ila wakati wa kujaza haidrazini, fueli yenye sumu kali, mafundi huvaa suti zilizozibwa kabisa, zenye hewa yake. Hizo kweli huwalinda wao.