Njia ya lango: kukadiria nguvu za upepo kwenye fremu ya ghorofa

Njia ya lango hukadiria nguvu ambazo upepo hutia kwenye nguzo na boriti, kwa kalamu na karatasi tu. Fremu ya ghorofa 10 yenye nguzo 4 zilizokazwa chini ina nguvu 90 zaidi ya zile zinazoweza kupatikana kwa milinganyo ya usawa. Hesabu kamili inadai ukubwa wa kila nguzo na boriti, nao ndio kwanza unatafutwa. Kwa hiyo tunakisia mambo mawili: momenti (nguvu ya kupinda) ni sifuri katikati ya kila nguzo na kila boriti, na nguzo ya ndani hubeba kani mkato (nguvu inayoikata kwa ubavu) mara mbili ya nguzo ya pembeni.

Chukua nguzo hizo 4 zikiachana mita 6, kimo cha ghorofa mita 3.2. Upepo unasukuma paa kwa kN (kilonyutoni) 30 na sakafu ya chini yake kwa kN 60. Anza juu. Gawa 30 kwa mafungu 1+2+2+1: pembeni kN 5, ndani kN 10. Zidisha kwa nusu kimo, mita 1.6, upate momenti za kNm 8 na 16. Ghorofa inayofuata inabeba 30 + 60 = kN 90, yaani 15 kwa nguzo ya pembeni na 30 kwa ya ndani. Momenti ni 24 na 48. Boriti ya pembeni kwenye sakafu hiyo husawazisha nguzo ya juu na ya chini: 8 + 24 = kNm 32. Gawa kwa nusu ya urefu wake, mita 3: kani mkato kN 10.67. Ya paa ni 8 ÷ 3 = 2.67. Jumla, kN 13.33, ndiyo inayokandamiza nguzo moja ya pembeni na kuvuta ile ya upande wa pili. Hakiki kwa kuzidisha na umbali wa mita 18 kati ya nguzo za pembeni: 13.33 × 18 = 240, sawa na momenti ya upepo kwenye katikati ya nguzo za ghorofa hiyo, 30 × 4.8 + 60 × 1.6. Isipolingana, umekosea mahali.

Ghorofa ya chini kabisa ndiyo inayopotosha wengi. Msingi ukiwa bawaba, yaani mguu wa nguzo unaweza kuzunguka, momenti sifuri iko chini kabisa, hivyo kichwa cha nguzo hubeba momenti ya kani mkato mara kimo chote. Msingi ukikazwa, sifuri hupanda juu ya katikati, na mguu wa nguzo hupata momenti kubwa kuliko kisio.

Jengo likizidi ghorofa 25 hivi, au kimo mara 4 ya upana, nguzo hurefuka na kufupika kiasi cha kuharibu makisio. Penye ukuta wa zege wa lifti usiitumie kabisa: ukuta huo hunyakua sehemu kubwa ya upepo, na fremu huachiwa mabaki.